Kwa Kasi Ileile

Gunia la dagaa, Mwaloni Kirumba:
kilo arobaini na mbili,
laki mbili na elfu hamsini na mbili.
Mama akanitazama. Mimi nikatazama juu,
nikagawanya hewani kama alivyotufundisha mwalimu Rwechungura,
bei juu, uzito chini, futa sifuri zinazokusumbua.
"Elfu sita kilo."
Akalipa, akilamba kidole kila baada ya noti.

Igogo, juu ya jiwe letu pana,
tulimwaga gunia tukachekecha.
Mchanga ukatoka. Mchanga wa Ukerewe
uliosafiri kwa bei ya samaki.
Kilo sita. Mama aliupima kwa mizani ya kuazima,
kimya, kama mtu anayesoma barua ya deni.

"Gawanya tena."
Fedha ileile, kilo thelathini na sita:
elfu saba.
Daftari langu halikuwa na swali lenye mchanga.
Kwenye daftari sukari ni sukari tupu
na muuzaji hana kidole gumba.

"Bado mkokoteni. Bado ushuru."
Elfu tisa vyote viwili,
yaani mia mbili na hamsini
zimepanda mgongoni mwa kila kilo.
Sado ni kilo mbili; Mabatini wanatoa elfu kumi na tano,
hawaongezi hata kwa salamu.
Sado kumi na nane, toa hiki, toa kile,
inabaki elfu tisa:
kiasi kilekile walichokula mkokoteni na mtu wa risiti.
Mama akacheka. "Tumegawana sawa.
Ila wao hawakuinama."

Ndipo wingu likatoka nyuma ya Saanane.

Swali hili nilikuwa nalijua, ukurasa wa sitini na moja.
Watu wawili huanua na kufunga gunia kwa nusu saa.
Watu kumi na wawili, kwa kasi ileile, watatumia dakika ngapi?
Maana majirani walikuwa wanakuja,
watu kumi, wakishuka mawe kama mbuzi,
na hakuna aliyeitwa.
"Tano!" nilipiga kelele, fagio mkononi.
"Dakika tano, mama!"

Lakini Nkwimba alikuwa na mtoto mgongoni.
Mzee Bugonzi aliokota dagaa mmoja mmoja,
kila mmoja akimpa pole.
Mama Holo alifika mdomo kwanza, mikono baadaye.
Wawili waligombea ungo.
Kasi ileile!
Neno hilo alilitunga mtu
ambaye hajawahi kuanua kitu na jirani.
Dakika tisa.
Tone la kwanza lilikuta kamba inakazwa.

Mama akachukua kikombe cha bati
akamjazia kila aliyekuja,
hata Mama Holo, tena akamtikisia kikombe ili kishuke, akaongeza.
Vikombe kumi. Vinane ndiyo kilo.
Kichwa changu hakikungoja kutumwa:
kilo moja na robo, mara elfu saba na mia tano,
elfu tisa, mia tatu, sabini na tano.

"Mama, tumekula hasara.
Mia tatu na sabini na tano."
Mvua ilikuwa inapiga bati, hakusikia.
Nikarudia kwa sauti, na aibu kidogo,
kwa sababu Nkwimba alikuwa bado amejibanza mlangoni
na kikombe chake amekifunika kwa kanga.

Mama alikuwa anakamua gauni.
"Na wasingekuja?" akauliza.
"Gunia la dagaa walioloa,
kilo bei gani?"

Nikafungua daftari.
Bei juu, uzito chini.
Chini nilijaza haraka; dagaa walioloa ni wazito sana.
Juu nilikosa cha kuandika.